Mdiria Arobaini na Tatu

Daftari langu la kwanza la ndege lina mstari mmoja ambao mpaka leo nikifika kwenye ukurasa ule huwa naufunika kwa kidole gumba: "Mdiria, 43." Ni Novemba 2017, Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kuanzia pale mitumbwi inapofungwa kuelekea mlango wa mto Lufirio. Niliuandika kichwa kimevimba. Mdiria arobaini na watatu kwa asubuhi moja! Leo ukiniapisha nitakwambia walikuwa sita. Labda saba, kama yule wa kwenye matete hakuwa mmoja wa wale sita.

Mimi ni karani. Nafanya kazi kwenye ghala la mpunga lenye mashine ya kukoboa hapa Mbeya, na kwa miaka mingi nimesimama kando ya mizani nikichora vijiti vinne na mlalo mmoja, vijiti vinne na mlalo mmoja, magunia matano matano. Gunia likishapita mlangoni halirudi kupita tena, labda kuwe na mwizi. Ndiyo akili niliyoshuka nayo ziwani. Mdiria akipita mbele yangu kwenda kushoto, kijiti. Akipita kwenda kulia, kijiti. Haikuniingia akilini kwamba anaweza kuwa yuleyule anarudi na kisamaki mdomoni.

Darubini niliipata Mwanjelwa kwenye mitumba, imezikwa chini ya makoti. Muuzaji alinihakikishia kwamba inafaa sana kwa mpira, nikae hata jukwaa la nyuma pale Sokoine nitaona jasho la golikipa. Jicho lake la kushoto lina ukungu ambao haujatoka hadi leo, kwa hiyo mimi huangalia ndege kwa jicho moja kama mtu anayelenga manati. Nilimnunulia mwanangu. Mwanangu aliichoka kwa wiki moja, nikairithi.

Novemba ndio mwezi wangu wa mapumziko kwa sababu ghala linakuwa tupu. Mpunga wa kuvunwa Mei na Juni umeshauzwa, wakulima wako mashambani wakiangalia mawingu, na bosi hapendi kumlipa mtu wa kusimama kando ya mizani isiyo na mzigo. Kitabu cha jiografia cha shuleni kilituambia kwamba wakati huo Ulaya ni vuli, majani yanapukutika. Neno hilo lilinisumbua sana utotoni. Redioni vuli ilikuwa mvua za watu wa Dar, Tanga na Arusha. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatugawani vuli na masika, tuna msimu mmoja wa mvua, unaobisha hodi Novemba na kuaga Aprili au Mei. Ndege nao naona hawakusoma kitabu kile. Kule kwao wadudu wanaisha kwa baridi, wanafunga safari, na wanafika kwetu ardhi ndiyo kwanza inaanza kunukia mvua.

Safari yenyewe ni ya kuvua nguo. Unapanda kosta Nanenane umevaa sweta, unapita Uyole, unapita migomba na chai ya Rungwe, Tukuyu kuna manyunyu, halafu barabara inaanza kuteremka na masikio yanaziba. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari; ziwa liko chini ya mita 500. Ukifika Kyela sweta limeshahamia kwenye begi na shati limeganda mgongoni. Hapo unatafuta gari la kwenda Ipinda, kisha Matema. Na hapo, kama ni Novemba, ukiangalia nyaya za umeme juu ya majaruba utaona mbayuwayu wamejipanga kama noti za muziki, mamia, wote wameelekea upande mmoja.

Nitarudi kwa mbayuwayu. Nimalize kwanza aibu ya mdiria.

Siku ile ya arobaini na watatu, nikiwa bado nimejawa na furaha, nilimsalimia mzee mmoja mvuvi aliyekuwa anashona wavu chini ya mwembe. Shikamoo, marahaba, habari za huko, za kwetu nzuri. Akauliza naandika nini. Nikamsomea. Akaendelea kushona kama matundu matatu manne hivi, kisha akasema, "Karani, wewe umehesabu mawimbi."

Sikumwelewa. Akanionyesha kwa sindano ya nyavu mdiria mmoja aliyekuwa amening'inia hewani juu ya maji, mabawa yanapiga lakini mwili haujongei, mdomo umeelekezwa chini. Akajitupa majini, akatoka na kisamaki, akaenda kukipigapiga kwenye ukingo wa mtumbwi, akakimeza, akarudi mahali palepale hewani. "Huyo asubuhi hii ameshapita hapa mara ngapi?" aliuliza. "Na wewe ulikuwa unatembea. Unatembea yeye anaruka, anakutangulia, unamkuta mbele, unamwandika tena."

Nilitaka kubisha, nikaona sina hoja.

Alichonifundisha baada ya hapo nilikuja kugundua kwamba ndivyo wahesabu ndege wenyewe wanavyofanya, ila yeye alikuwa amekitoa kwenye nyavu. Usitembee. Kaa. Chagua alama mbili ambazo hazihami. Mimi nilichukua mti mkubwa upande mmoja na jiwe lililojitokeza majini upande wa pili. Halafu hesabu wote waliomo katikati kwa mkupuo mmoja, haraka, kama mtu anayepiga picha. Subiri. Hesabu tena. Mwisho wa asubuhi usijumlishe. Chukua ile namba kubwa kuliko zote uliyoiona kwa mkupuo mmoja. Hiyo angalau unajua ni ndege tofauti, kwa sababu hakuna ndege anayeweza kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja.

Kwa karani hilo ni gumu kumeza. Maisha yangu yote kujumlisha ndiyo kazi. Kuandika namba sita baada ya saa tatu za kukaa juani, wakati macho yako yameona ndege wakipita mara mia, kunahitaji kujinyima. Mwaka wa pili bado nilikuwa naandika pembeni, kwa penseli, jumla ya uongo, ili nijifariji.

Na ilinichukua mpaka Novemba ya tatu kuona kitu ambacho kilikuwa mbele ya jicho langu zima siku zote. Mdiria dume ana mikanda miwili myeusi kifuani. Jike ana mmoja, tena umekatika katikati kama shanga zilizokatika uzi. Miaka miwili nimewaangalia, sikuuona. Nilikuwa nahesabu tu.

Vitabu vya watu wa ndege wa mwambao vinazungumza sana maji kupwa na maji kujaa. Ukitaka kuona ndege wa ufukweni, wanasema, jua saa ya bamvua, nenda maji yakirudi, tope likiwa wazi. Ziwa Nyasa halina mambo hayo. Ni refu, kina chake kinafika kama mita 700, lina mawimbi ya kutisha kuliko bahari siku upepo ukivuma, lakini halipwi wala halijai kwa saa. Nilijiuliza, sasa ndege wa hapa wanafuata saa gani? Nikaja kuona kwamba wanafuata saa yetu. Alfajiri, kabla akina mama hawajateremka na ndoo na vyombo, ufukwe ni wa vitwitwi na yangeyange. Jua likichomoza juu ya Milima ya Livingstone, ambayo pale Matema inasimama wima kama ukuta kutoka majini, wavuvi wa taa wanakuwa wanarudi, na shakwe wanakuja kwa ajili yao. Saa nne watoto wanaogelea. Ndege wanahamia upande wa mtoni. Mchana wa jua kali kila mtu, mwenye manyoya na asiye na manyoya, yuko kivulini.

Jumamosi usihangaike. Ni siku ya soko la vyungu Lyulilo. Akina mama wa Kikisi wanaleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe na huko kwingine chini ya milima, vimepangwa vimefungwa na nyasi, na ufukwe unajaa watu, kelele, wanunuzi wa kutoka Mbeya wakibisha bei. Mimi nilipoteza Jumamosi mbili kabla sijakubali. Ya tatu nikanunua chungu.

Sasa, mtu mzima, mgeni, amekaa chini ya mti na darubini na daftari, saa tatu nzima, haogi, havui, hanunui kitu. Na ziwa lenyewe ni mpaka. Siku ya pili ya mwaka ule wa kwanza vijana wawili walinijia kwa heshima zote wakaniambia mwenyekiti ananiita. Nikaenda. Mwenyekiti alikuwa ameketi na wazee wengine wawili, na swali lilikuwa moja: unapima nini?

"Sipimi kitu, mwenyekiti. Naangalia ndege."

"Ndege?" Akawageukia wenzake. "Si uwanja uko huko kwenu Songwe?"

Walicheka, nikacheka, lakini daftari walilichukua. Alilisoma taratibu, ukurasa kwa ukurasa, na nikaelewa kwamba hofu yao ilikuwa viwanja. Watu wanakuja na vifaa, wanaangalia ufukwe, wanaandika, na miaka miwili baadaye panakuwa na uzio. Hawakuwa wamekosea kuogopa. Alipofika kwenye mdiria arobaini na tatu akasimama. "Hawa wote wako hapa kwetu?" Nikasema ndiyo, kwa sauti ya mtu ambaye ameshaanza kutilia shaka. Akanirudishia daftari akasema mwakani nikija nianzie kwake. Tangu siku ile ndivyo nafanya, na swali lake la kwanza baada ya salamu huwa ni lilelile: mwaka huu wamefika wangapi?

Nilisema nitarudi kwa mbayuwayu. Mbayuwayu yule wa kawaida, mwenye koo la rangi ya matofali na mkia wa nyuzi mbili, ana uzito wa gramu 20 hivi. Niliposoma namba hiyo nilienda kwenye mizani ndogo ya sampuli pale ghalani nikapima mchele gramu 20. Haukujaza hata kiganja. Kitu cha uzito ule kinavuka bahari na jangwa la Sahara, na Aprili kinarudi. Zamani watu wa Ulaya walibishana miaka na miaka mbayuwayu wanakwenda wapi, wengine wakidai wanalala chini ya matope ya maziwa. Mei 1911 mbayuwayu mmoja mkubwa alifungwa pete mguuni huko Staffordshire, Uingereza. Desemba 1912 alikamatwa kwenye shamba moja Natal, Afrika Kusini, na pete yake mguuni. Mjadala wa matope ukafungwa hapo.

Wale wa kwenye nyaya za Ipinda sijui wanatoka nchi gani, na sijawahi kuona pete. Lakini nawaona jioni wakishuka juu ya majaruba, wakipita kiunoni mwa wakulima wanaotengeneza vitalu, na hakuna anayeinua kichwa. Mama mmoja nilimuuliza kama anajua wanatoka Ulaya. Akasema yeye anachojua wakifika hawa, jembe liwe limeshanolewa.

Ndege ninayemfuata mimi hasa, lakini, hana uzuri wowote. Kitabuni anaitwa chamchanga. Ni wa kahawia mgongoni, mweupe tumboni, na weupe huo unapanda kidogo mbele ya bawa kama ncha ya kanzu iliyochomoza chini ya koti. Anatembea ukingoni mwa maji peke yake, na mkia hautulii. Juu chini, juu chini, hata akisimama, kama mtu anayesubiri gari amechelewa kazini. Mzee wangu alimwita tu "yule wa kutikisa." Anazaliana kando ya mito na maziwa kuanzia Ulaya hadi upande wa Japani, halafu anakuja kukaa huku miezi mingi kuliko anayokaa kwao. Baadhi yao wanafika mapema sana, Agosti; mimi nikija Novemba yeye ameshakuwa mwenyeji.

Mwaka 2017 alikuwa kwenye jiwe langu, lile la alama. Mwaka 2018 kulikuwa na chamchanga kwenye jiwe lilelile. Mwaka 2019 pia. Hapo nilianza kumwandika kama namwandika mtu: "Yupo." Nilishawishika kabisa kwamba ni yeye. Nikamwambia mzee, naye akanitazama muda. "Umemjuaje?" Nikasema, si jiwe ni lilelile? Akasema, "Kwangu hapa wageni wanalala chumba kilekile kila mwaka. Si mgeni mmoja."

Na ana haki. Nimesoma kwamba ndege wa namna hiyo wamewahi kuonekana wakirudi mahali palepale mwaka hadi mwaka, na hilo lilinipa moyo. Lakini waliojua hivyo walifunga pete. Mimi nina jiwe tu na jicho moja la darubini.

Kosa langu kubwa zaidi la utambuzi lilitokea mwaka 2018, na lilinikuta kwa sababu nilikuwa nimesoma. Nilikuwa nimekutana na habari za kozi wa Amur. Ni kozi mdogo anayezaliana mashariki ya Siberia na kaskazini mwa China. Anapita kaskazini-mashariki mwa India kwa makundi makubwa sana, anavuka Bahari ya Hindi moja kwa moja, anaingia Afrika Mashariki kama Novemba na Desemba na kuendelea kusini. Dume ni wa kijivu cha mkaa na miguu myekundu. Nilipomaliza kusoma nilikuwa nimeshamwona, yaani kichwani.

Jioni ya pili Matema nikaona ndege kumi na wawili juu sana, mabawa yenye ncha, wanateleza, wanapiga mabawa kidogo, wanateleza tena. Mkono ulikuwa unatetemeka. "Kozi wa Amur, 12." Nikaandika kwa kalamu ya wino. Nikampigia simu shemeji yangu Iringa ambaye hajali kabisa habari za ndege, nikamweleza habari za Siberia.

Mjukuu wa yule mzee, binti wa miaka kama tisa, alikuwa amekaa karibu anakula embe. "Anko, wale si keremkerem?"

Nikamwambia hapana, wale ni kozi, wametoka mbali.

"Mbona wanaimba?"

Na kweli walikuwa wanaimba. Sauti laini ya kububujika, kama filimbi yenye maji ndani, inashuka kutoka juu wote kwa pamoja. Nilikuwa naisikia muda wote, nikaiweka kando kwa sababu haikuendana na nilichotaka. Walipozunguka na jua la jioni likawapata kwa chini nikaona mkia na mdomo mrefu. Keremkerem, ndiyo, na wao pia wageni kutoka Ulaya, wala si ndege wa kudharau. Lakini mimi nilikuwa nimeshawapa pasipoti ya Siberia. Nilichukua kalamu nikakata mstari, na binti akaendelea na embe lake bila kusema kitu, jambo ambalo lilikuwa na adabu kuliko nilivyostahili.

Toka hapo nina kanuni moja, nayo inaniudhi sana: kabla ya jina, naandika kwanza vitu vitatu nilivyoviona au kuvisikia mwenyewe. Rangi, mwendo, sauti, chochote. Jina linakuja mwisho, na likikataa kuja naacha nafasi. Daftari la 2022 lina nafasi tupu nyingi kuliko majina. Mtu akilifungua atadhani mwenye nalo hajui ndege.

Mambo mengine niyapitie haraka. Mlangoni mwa Lufirio kuna mamba. Mimi nilijua, kila mtu anajua, lakini nilikuwa namfuata ndege aitwaye fundichuma aliyekuwa anakoroga tope kwa miguu kutafuta vyura, nikajikuta maji yako magotini. Mama aliyekuwa anakata matete ng'ambo alinipigia kelele ambayo sitaisahau, na sitaandika maneno aliyotumia. Fundichuma aliendelea kukoroga. Sikumhesabu.

Kitulo watu wananiuliza kwa nini siendi, na kweli uwanda wake uko juu kule nyuma ya ukuta wa milima, hifadhi ya taifa tangu 2005, Bustani ya Mungu yenyewe, na kuna mbayuwayu wa buluu anayezaliana kule nyakati za mvua, ndege adimu hasa. Nitakwenda. Ila nimeogopa kwamba nikishaanza kukimbilia ndege adimu sitarudi kukaa mbele ya jiwe.

Halafu kuna moshi wa ziwani. Mara ya kwanza nilipouona nilidhani meli inaungua. Nguzo nyeusi inapanda kutoka majini, mbali, inapinda na upepo, na pembeni yake nyingine. Ni wadudu wadogo sana kama vinzi, mabilioni, ambao viluwiluwi vyao huishi majini, mchana vinajificha chini kwenye kina na usiku vinapanda juu, na siku wakikomaa wanatoka wote kwa pamoja kutafuta wenza. Upepo ukiwaleta nchi kavu unafunga mdomo na macho. Kuna watu kandokando ya ziwa hili wanaowakusanya, wanawaponda na kutengeneza mikate. Siku ile upepo ulileta nguzo moja hadi karibu na ufukwe, na nyuma yake wakaja buabua, wale weupe wadogo wasioanguka majini kama mawe bali wanaokwangua hewa juu ya maji, na mbayuwayu, na keremkerem, wote ndani ya moshi ule, juu, chini, kati. Nikafungua daftari. Nikalifunga. Hakuna mkupuo unaoweza kuhesabu kitu kile. Mzee alikuwa amesimama kando yangu na shati limeweka kitambaa cha vinzi, anaangalia mahali pengine kabisa, kule ambako buabua wachache walikuwa wamejitenga na moshi wanatumbukia tumbukia majini. "Usipa wapo juu," akasema, yaani dagaa wa ziwa hili, na akaenda kuwaamsha vijana wake.

Kozi wa Amur nilikuja kuwaona. Haikuwa ziwani. Ilikuwa 2022, narudi Mbeya, mvua ya kwanza ya nguvu imenyesha usiku na asubuhi kumbikumbi wametoka. Tumeshapita Tukuyu, nimebanwa dirishani na mama mwenye ndoo ya mchele. Juu ya shamba la viazi kulikuwa na kundi, thelathini, hamsini, sijui, wanadaka kumbikumbi kwa miguu na kuwala hukohuko angani. Miguu myekundu. Niliiona. Kijivu cha mkaa, na chini ya bawa weupe unaomulika. Vitu vitatu, bila kujilazimisha.

Nilimwomba kondakta asimamishe gari. Akauliza nashuka wapi. Nikasema hapahapa, naangalia ndege. Kosta nzima ikageuka. Dereva hakupunguza hata kidogo. Akasema kituo kiko mbele. Nilipofika kituo kundi lilikuwa kilomita mbili nyuma, nikakaa tena. Daftari linasema: "Kozi wa Amur. Wengi. Gari halikusimama."

Mwaka 2024 nilifika Matema nikakuta ziwa limekula ufukwe. Wenyeji walisema maji yalipanda sana wakati wa mvua na hayajashuka yote. Mti wangu ulikuwa umebaki hatua chache kutoka majini. Jiwe halikuwepo, ukisimama vizuri jua likiwa nyuma yako unaliona chini, kama magoti mawili kwenda chini, na samaki wadogo wanapita juu yake.

Nilikaa asubuhi ya kwanza bila alama ya upande wa pili. Mdiria walikuwepo, madume mawili na jike mmoja. Furukombe na mwenzake walilia kwenye mti wao wa siku zote, vichwa vimerushwa nyuma. Wa kutikisa hakuwepo. Niliandika "Jiwe: hakuna," nikaona inasomeka vibaya, nikaongeza "Maji yamepanda."

Asubuhi ya tatu mzee alikuja na kasia begani. Macho yake si yale ya zamani. Siku hizi anauliza nani huyo kabla ya salamu. Lakini alisimama ghafla akanionyesha kwa kidevu. Ukingoni mwa mtumbwi wake, kwenye nundu ya mbele pale kamba inapofungwa, chamchanga. Kahawia mgongoni, nyeupe ikichungulia mbele ya bawa, mkia juu chini, juu chini.

Tulimwangalia kwa muda ambao kwa mvuvi mwenye kasia begani ni mrefu. Nikaandika vitu vitatu. Nikaandika jina. Nikaandika 1. Kisha nikabaki na kalamu imesimama juu ya karatasi, natafuta la kuongeza.

"Karani, mimi nataka kutoka," mzee akasema. Akapiga maji kwa kasia, taratibu. Ndege akaruka chini chini juu ya maji, mabawa magumu yanatetemeka, akalia mara tatu, akaenda kutua kwenye mtumbwi wa tatu kutoka pale, akaanza upya kutikisa.

Mzee alikuwa ameshaingia mtumbwini, anasukuma. "Usimwandike mara ya pili," akasema.